Mahindi ya Shangazi Paskalina

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini kwamba kihenge cha bibi kinasikia. Bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Kilisimama kwenye kona ya jiko letu, kirefu kunipita, kimesukwa kwa fito na kukandikwa udongo na mavi ya ng'ombe, na mtu akikikaribia bibi alimwonya ateremshe sauti. Mbele ya kihenge hatukutaja njaa. Hatukusema mahindi ni mengi, wala hatukusema yamebaki machache. Aliyetaka kujua hali ya chakula nyumbani kwetu Endagikot alimtazama bibi usoni, akaridhika na alichokiona.

Leo nina duka dogo la pembejeo Mbulu mjini, karibu na soko. Nauza mbegu, dawa za mifugo, na ile mifuko mizito ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa. Wateja hunitania kwamba nina maneno mengi kuliko bidhaa, kwa sababu mtu akinunua mfuko mmoja nitamshika nusu saa nikimweleza: anika vizuri, pepeta, usichanganye mahindi mapya na ya zamani, na usimimine nafaka ya ugenini juu ya nafaka yako kabla hujaikagua. Wanafikiri ni uchangamfu wa biashara. Sijawahi kumwambia mteja yeyote somo hilo nililipata wapi.

Bibi alikuwa na masharti mengi kuhusu nafaka. Aliyefungua kihenge ni yeye peke yake, akiwa amenawa. Punje iliyoanguka iliokotwa, hata kama ni moja na hata kama imekanyagwa na mbuzi. Wakati wa kujaza alichanganya mahindi na majivu ya samadi, huku akinuia maneno ya Kiiraqw ambayo hakutaka tuyarudie. Siku hizi najua majivu humfanya nini mdudu: humkwaruza ngozi na kumkausha. Maneno yalifanya nini sijui, lakini kwa miaka mingi kihenge kile hakikuwahi kutuaibisha.

Sharti kubwa kuliko yote lilihusu msiba. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kumtenga kwa muda mtu aliyeguswa na vifo vya aina fulani, hasa mama aliyefiwa na mtoto mchanga. Walikuita kutengwa huko metimani. Hakuna aliyemchukia mtu huyo. Alikaa pembeni na moto wake, sufuria yake na chakula chake mpaka muda utimie, ili kilichompata kisivuke kwenda kwa wengine. Sisi tulikuwa Wakristo tayari, na katekista alishasema mara nyingi kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Bibi alimsikiliza kwa heshima, akaimba nyimbo zote mpaka mwisho, akarudi nyumbani akaendelea na yake.

Mwaka ule, mara tu baada ya mavuno, aliyetengwa alikuwa shangazi Paskalina.

Alikuwa dada mdogo wa baba, na ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Kabla hajaolewa tulilala kitanda kimoja, na kuhesabu nilijifunza kwake, kwa punje za mahindi alizozipanga juu ya ungo. Aliolewa Getanuwas, kule chini Hanang, kwenye joto na mifugo mingi. Siku alipoondoka nililia mpaka nikapata homa, na watu wa nyumbani walinitania kwa hilo kwa miaka. Sasa alikuwa amerudi. Mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na wiki tano, na wakwe zake walimrudisha kwa mama yake akae huko kipindi chake. Mumewe aliahidi kuja kumchukua baada ya mvua. Shangazi alikuja na nguo zake, sufuria moja, na nusu gunia la mahindi ya mwaka uliotangulia, sehemu yake kutoka shamba alilolilima kwa mikono yake.

Bibi alimweka kwenye kibanda cha ndama nyuma ya ua wa minyaa. Sisi watoto tulipeleka maji, tukayaweka kwenye upenyo wa ua na kurudi nyuma ndipo yeye aje kuyachukua. Kisha bibi alituita wote jikoni akatueleza utaratibu, kwa sauti ya chini kwa sababu ya kihenge.

"Atakula mahindi yake aliyokuja nayo. Yakiisha tutamnyoa, ataoga, ataingia jikoni kama zamani. Ila hata punje moja ya msiba isivuke ua ule. Ikiingia humu," akakionyesha kihenge kwa kidevu, "kihenge kitageuka vumbi."

Mimi nilisikia neno moja tu, yakiisha.

Mtoto akipewa sharti, kwanza hulipigia hesabu. Nusu gunia kwa mtu mmoja, tena mtu aliyeonekana hata uji unamshinda, lingechukua muda gani? Siku moja nilimuuliza kupitia minyaa. "Shangazi, yamebaki mengi?"

"Mengi, mwanangu. Sina hamu ya kula."

Usiulize nililala vipi baada ya jibu hilo. Nilikuwa nimeshamngoja tangu alipoolewa, na sasa alikuwa hatua ishirini kutoka kitandani kwangu, na kilichotutenga ni mahindi. Nikaamua kuyamaliza mimi.

Mchana, watu wakiwa mashambani, shangazi alikwenda korongoni kuokota kuni, kwa kuwa saa hiyo hakuna ambaye angekutana naye njiani. Mimi nilikuwa nimetoka shule. Niliingia kibandani na kopo la bati lililowahi kuwa la mafuta ya kupikia, nikalijaza, nikatoka. Lakini mahindi yale nitayapeleka wapi? Kutupa chakula ni dhambi, hilo nilifundishwa kabla ya jina langu. Kuwapa kuku nisingethubutu, maana wangekusanyika kwa makelele na bibi angekuja kuona kuna nini. Mahali pekee ambapo kopo la mahindi huingia na kupotea ni kwenye mahindi mengine.

Onyo la bibi sikulisahau, naomba nieleweke. Nilikuwa na dawa yake. Nililiweka kopo chini, nikapiga magoti, nikasali Salamu Maria mara tatu juu yake ili msiba utoke. Ndipo nikaingia jikoni, mama akiwa shambani na bibi akisinzia nje juani, nikapanda kigoda, nikafunua kifuniko cha kihenge, nikamimina. Kisha nilichukua konzi ya majivu mekoni nikanyunyiza juu, kwa sababu ndivyo nilivyomwona bibi akifanya. Nilijua dini mbili na nilizitumia zote.

Mahindi ya shangazi yalikuwa na vumbi jeupe. Punje nyingi zilikuwa na vitundu vya mviringo, kana kwamba mtu amezitoboa kwa sindano, na nilipolisogezea gunia sikio nilisikia sauti ndogo ya kutafuna. Mara moja mdudu wa kahawia, mdogo sana, alinitembea juu ya kidole. Nilimpuliza akaangukia ndani ya kopo. Huku kwetu juu, penye baridi, tulijua fukusi tu, wale wanaotulia wakipata majivu. Dumuzi, mla nafaka mkali zaidi, alikuwa habari ya bondeni, kitu cha kusimuliwa na wageni, na ukimtoa shangazi hakuna mtu mzima nyumbani kwetu aliyekuwa amemwona, sembuse mimi.

Nilifanya hivyo karibu kila siku ya shule, kwa wiki nyingi. Gunia lilinywea. Shangazi mwenyewe alilitambua, akaniambia kupitia ua, "Vero, yanapungua. Sijui nakula saa ngapi."

"Si hamu imerudi, shangazi?"

"Labda imerudi, sijijui."

Nilicheka nimejiziba mdomo. Mpaka leo, nikilikumbuka neno lake hilo, sijijui, natamani ardhi inimeze.

Yalipoisha, bibi alishangaa kidogo lakini alitimiza ahadi. Alimnyoa shangazi nywele, akamwogesha, akamvika kitenge kipya, akamshika mkono na kumpitisha kwenye upenyo wa minyaa. Jioni ile shangazi alinipakata mapajani ingawa miguu yangu iligusa chini. Alikula. Baada ya siku chache aliimba wakati wa kukoboa. Na bibi, ili kila mtu aone kwamba binti yake amerudi kabisa, akamkabidhi kazi ambayo hata mama yangu hakuwahi kupewa: kuchota mahindi kwenye kihenge. Kila asubuhi shangazi alinawa, akainama, akatoa kitambaa kilichoziba tundu la chini na kuingiza mkono wake. Nilimtazama nikijiona mshindi. Nilikuwa nimewashinda wakubwa wote, na msiba, na hesabu yenyewe.

Miezi ile ilikuwa mizuri kuliko yote ya utoto wangu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ililipiwa na mtu mwingine.

Kihenge kilikuwa karibu na mafiga, na joto la jiko liliwafaa dumuzi kama lilivyotufaa sisi. Mvua za Machi zilikuwa zimeshika, tukiwa mbali bado na mavuno, shangazi alipoingiza mkono asubuhi moja akauacha mle ndani muda mrefu. Alipoutoa ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiwiko. Nyuma yake ukamwagika unga, unga ambao hakuna aliyeusaga, ukafanya kilima kidogo sakafuni, na ndani ya kilima wadudu wa kahawia wakawa wanatambaa.

Baba alibomoa ubavu wa kihenge kwa jembe. Kilichoporomoka kilikuwa maganda na vumbi. Mama alikaa chini. Alianza kuchambua punje nzima moja moja kwenye upande wa kitenge, na baada ya muda akaacha.

Bibi hakupiga kelele, na hakumtukana mtu. Alisogea akaushika ule mkono mweupe wa binti yake, akaugeuza huku na huku, akauachia.

"Paskalina, muda wako haukuwa umetimia," alisema. "Mahindi yako yaliisha mapema. Niliona, nikanyamaza kwa sababu nilitaka urudi. Kosa ni langu."

Shangazi aliutazama mkono wake.

Baba, ambaye hakupenda maneno ya namna ile, alikwenda kumwita bwana shamba. Yule bwana alikuja siku ya pili, mpole, viatu vimejaa tope, akachukua wadudu watatu kwenye kiganja akawatazama kwenye mwanga wa mlango.

"Huyu ni dumuzi," alisema. "Huku juu hatokei hivihivi. Lazima abebwe. Kuna nafaka iliyotoka bondeni ikamiminwa humu?"

Baba akasema, "Dada yangu alikuja na nusu gunia kutoka Getanuwas."

Bwana shamba akamgeukia shangazi. "Mama, uliyamimina humu?"

"Hapana," shangazi alijibu. "Yangu niliyala mwenyewe kule kibandani. Hata punje haikuvuka ua."

"Hata kopo moja?"

"Hata moja."

Bwana shamba aliwatazama tena wadudu wake. "Basi sielewi," alisema.

Lile sielewi lake ndilo lililommaliza shangazi. Maana swali alilouliza lilikuwa sahihi kabisa, na mtu aliyekuwa na jibu lake alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu, ana miaka tisa. Jibu lingemwondolea shangazi kila kitu kwa sentensi moja. Kwa kuwa sikulitoa, njia ya mdudu ikafungwa, ikabaki njia ya bibi. Hata baba, siku ile, niliona anaanza kumtazama dada yake kwa namna nyingine.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mara nyingi kuliko nilivyosali. Nilimwogopa bibi. Niliogopa kuwa ndimi niliyekula chakula cha watu wote. Na zaidi ya yote nilifikiri kwamba kesho itakuwa rahisi zaidi kusema. Kesho ilipofika ilikuwa na sababu zake za kungoja kesho nyingine. Bwana shamba alitushauri tuchome mabaki yote, tukachoma, na moshi ule ulinuka ugali ulioungua.

Baba aliuza dume la plau. Tulikula maboga, na majani ya maboga, na majirani walituletea vibaba vya nafaka wakaviacha mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyependa kuingia jikoni kwetu. Habari zilifika Getanuwas kabla mvua hazijaisha. Mume wa shangazi hakuja kumchukua. Tulisikia ameoa.

Hakuna aliyemfukuza, na hilo lilikuwa gumu zaidi, kwani kama angefukuzwa, baba angemtetea. Aliamua mwenyewe. Alimwambia bibi, "Mama, niondoke kabla sijawagusa hata ng'ombe." Bibi alilia, lakini hakumzuia. Mjane mmoja wa Getanuwas, aliyekuwa jirani yake, alikubali kukaa naye.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Palikuwa na ukungu na baridi, na yeye alibeba mzigo ule ule aliokuja nao, isipokuwa lile gunia. Tulisimama kungoja gari. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nitasema tukifika pale. Nikanyoosha mkono nimshike, naye akaiingiza mikono yake yote miwili ndani ya shuka.

"Usinishike, mwanangu," alisema. "Wewe bado unakua."

Gari likaja. Sikusema.

Waswahili husema majuto ni mjukuu, na mimi nilikuwa mjukuu kweli, nimekaa miguuni pa bibi kwa miaka iliyofuata nikimsikiliza akimwombea binti yake msamaha kwa Mungu kwa jambo ambalo hakulifanya. Bibi alifariki nikiwa sekondari, bado akiamini. Siku ya mazishi yake shangazi alikuja, akasimama barabarani, hakuingia uani. Nilimpelekea chai pale pale. Kikombe nilikiweka juu ya jiwe, yeye akakichukua nilipokwisha kurudi nyuma, kama maji ya enzi za minyaa. Nilisema maneno ya pole. Mengine sikuyasema. Wakati huo nilikuwa nimeshasoma habari za dumuzi darasani na nilijua kila kitu, na bado nilirudi uani nikaendelea kuosha vyombo.

Mwaka jana, baada ya mavuno, nilipanda basi mpaka Katesh, kisha bodaboda mpaka Getanuwas. Nilimchukulia sukari, kitenge, na mifuko mitatu ya nafaka kutoka dukani kwangu. Njia nzima nilirudia maneno midomoni, dereva wa bodaboda akadhani naongea na simu.

Nilimkuta akifagia. Amezeeka, amekonda, lakini shingo ni ile ile aliyoibeba juu siku zote.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ni Vero huyu? Karibu ndani."

Nyumba yake ilikuwa safi. Kwenye kona kulikuwa na gunia la mahindi limefungwa kamba, na juu yake kopo. Tuliongea habari za nyumbani, za baba na miguu yake, za watoto wangu. Saa ya kupika ilipokaribia alitoka akaita upande wa pili wa ua, "Mama Bura, njoo unichotee."

Akaja mama wa makamo, akanisalimu, akafungua gunia, akachota mahindi ya kusaga akayatia kwenye ndoo, akalifunga. Shangazi alisimama pembeni akingoja, mikono ndani ya shuka. Nilimuuliza Mama Bura nje kwa nini shangazi hachoti mwenyewe, kama mtu anayeuliza hali ya mvua.

"Hagusi nafaka," alinijibu. "Tangu nimeolewa hapa. Analima mwenyewe, anapalilia mwenyewe, lakini mbegu napanda mimi na kuchota nachota mimi. Anasema mikono yake inakula."

Nilirudi ndani nikakaa chini mbele yake, sakafuni, kama mtoto. Nilimwambia yote. Kopo la bati, korongo na kuni, kigoda, Salamu Maria tatu, konzi ya majivu. Nilimwambia dumuzi ni mdudu, anasafiri na punje, hana habari na msiba wa mtu. Nilimwambia ni mimi, shangazi, ni mimi niliyeyavusha ua. Nililia wakati wa kusema, na sikujizuia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonitisha.

"Umetoka mbali kuja kunipa hili," alisema. "Mungu akubariki. Tangu mdogo ulikuwa na huruma."

"Si huruma, shangazi. Ni kweli."

"Hata mahindi yangu mimi mwenyewe yaliisha bila kuliwa, Vero. Niliyaona yakipungua, siku kwa siku, mimi nimekaa. Hilo nalo alilifanya mtoto?"

"Ndiyo. Ni mimi niliyekuwa nayachukua."

Alinitazama sana. Nafikiri kwa kitambo kidogo alinisadiki. Niliona kitu kinapita usoni mwake, na mikono ikasogea ndani ya shuka. Kisha akauliza, taratibu, "Kama ni wewe, siku ile bwana shamba alipouliza, ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na siku ya barabarani, tulipokuwa wawili?"

Nikaliangalia kopo lililokuwa juu ya gunia. Akatikisa kichwa, akaegemea kidogo upande kwenye kiti chake kama mtu aliyetua mzigo mahali pake pa siku zote.

"Hapana," alisema. "Mtoto yule alinipenda. Asingeninyamazia."

Nilibishana naye kwa muda, kisha nikaacha. Nilielewa kwamba nilichomletea ni uchaguzi: aamini kwamba mikono yake haina laana, au aamini kwamba mtoto aliyemlea alimpenda. Kwa miaka thelathini alikuwa ameishi kwa hilo la pili. Hakuwa tayari kuliacha uzeeni, na mimi sikuwa na haki ya kumpokonya.

Jioni nilimhamishia mahindi kutoka kwenye gunia kuyatia kwenye mifuko yangu. Niliyapepeta, nikayakagua, nikabana hewa, nikafunga tabaka moja baada ya jingine kama ninavyowafundisha wateja. Hayakuwa na dumuzi hata mmoja. Nilipotaka kuaga Mama Bura alikuwa amekwenda kisimani, na shangazi alitaka mahindi ya kesho.

"Nichotee wewe leo," aliniambia.

Nikafungua mfuko mmoja nikaingiza mkono, ule ule wa kopo la bati, mpaka kwenye kiwiko. Nikamjazia ndoo. Alisimama nyuma yangu akitazama, na nilipomaliza akaniombea kwa sauti, akamshukuru Mungu kwa mkono wangu, kwamba ni mkono wenye baraka. Nikaitikia amina, kwa sababu sikujua mtu huitikia nini kingine.